Jirani wa Meza ya Pili

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, ukapita Tanga na kugonga mihuri Horohoro na Lunga Lunga, Mombasa hukupokea kwa kivuko cha Likoni. Abiria hushuka, basi hupanda pantoni peke yake, na wewe unavuka kwa miguu katikati ya wauza samaki, wanafunzi, vibarua wa bandarini na mikokoteni. Nilivuka asubuhi, begi moja mgongoni. Kampuni yetu ndogo ya kutafsiri na kupanga vitabu ilihitaji mahali pa kukaa, na kabla hatujatia saini mkataba wowote nilitaka kuona wenzetu wa Afrika Mashariki wanakaaje.

Aliyewahi kutafuta ofisi Dar es Salaam anaijua hesabu yake. Tuseme chumba ni shilingi laki sita kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, milioni 7 na laki mbili. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Kisha inakuja kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kisheria hukatwa kwenye pango la mwenye nyumba, lakini wenye nyumba wengi humsukumia mpangaji ailipe juu yake. Hujanunua kiti, hujavuta intaneti, hujafunga hata balbu, na zaidi ya milioni nane na nusu zimekwisha ondoka. Nimeona biashara nzuri zikifa hivyo, mtaji wote umezikwa kwenye kuta za mtu mwingine kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Ofisi za pamoja zinaipangua hesabu hiyo. Unalipia meza kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Intaneti, umeme, jenereta, ulinzi, usafi na maji ya kunywa ni mzigo wa mwenye ofisi. Chumba cha mikutano unakikodi kwa saa, siku unapokuwa na mgeni wa maana. Unapata pia anwani ya kuandika kwenye fomu za usajili na leseni. Hayo nilikuwa nayajua kutoka mbali. Nililotaka kulijua ni kama watu wanaolipa wanapata zaidi ya kiti, maana kiti na intaneti hata mgahawani vipo kwa bei ya kikombe cha chai.

Nilianzia Mji wa Kale. Mtu anayezitazama ofisi za pamoja kama mtindo uliokuja juzi kwa ndege aende akakae kwenye baraza moja la Mombasa, nje ya mlango wa mtu, jua likianza kupoa. Hapo ndipo mfanyabiashara wa zamani alipopokea wageni, akasikia jahazi lipi limetia nanga, nani anadaiwa na nani anaaminika, kahawa chungu ikipita mkono kwa mkono. Habari ilimfikia kwa sababu alikuwa amekaa mahali ambapo wengine nao hukaa.

Hatua chache kutoka hapo, jirani na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ndipo ilipo Swahilipot Hub. Miongoni mwa waasisi wake ni Mahmoud Noor, na wazo lao lilikuwa kuwaweka vijana wa teknolojia na vijana wa sanaa chini ya paa moja. Nilikuta watengeneza programu, waigizaji, wachoraji na watu wa redio. Wana kituo chao, Swahilipot FM. Kuna jukwaa la wazi linalotazama bahari, na siku niliyofika kundi moja lilikuwa likifanya mazoezi ya mchezo huku wenzao ndani wamevaa vipokea sauti masikioni, macho kwenye kompyuta. Kelele zilipozidi, mmoja alitoka akawaomba wapunguze, wakapunguza, na baada ya muda yule aliyeomba alikuwa amesimama pale nje anawatazama, kazi yake ikimngoja.

Bahari ile ile inaeleza pia kwa nini ofisi za pamoja zilishika kasi wakati ziliposhika. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, ya polepole na ya bei mbaya. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa. Intaneti ya kasi ikawa kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua peke yake lakini watu ishirini wakichangiana wanaweza, na ofisi za kwanza za pamoja za ukanda huu zikachipuka ndani ya miezi iliyofuata.

Binti mmoja aliyekuwa anageuza kuwa maandishi mahojiano ya sauti ya wateja wa ng'ambo alinikaribisha meza ya jirani. Anaishi Kisauni, nyumba ya watu wengi. Nilimuuliza kwa nini anapanda matatu kila siku kuja kufanya kazi ambayo angeweza kuifanya kitandani kwake.

"Nyumbani nikikaa na kompyuta waniona niko bure tu, mama," aliniambia. "Mara nende dukani, mara nimshike mtoto. Hapa nikikaa, niko kazini."

Faida hii sikuiona katika tangazo lolote la ofisi za pamoja, nami naiweka juu ya nyingi. Kazi ya kompyuta haionekani. Haina jembe, haina mzigo, haina sare. Kijana anayeifanya chumbani huonekana mvivu hata kama usiku kucha ametafuta riziki, na msichana huonekana yupo kwa ajili ya kutumwa. Akitoka asubuhi akarudi jioni, familia inaanza kumheshimu, naye anaanza kujiheshimu. Nina wafanyakazi wawili vijana. Nimewaona wote wawili wakihangaika na jambo hili hili.

Nairobi nilikwenda kwa treni ya Madaraka, inayobeba abiria tangu mwaka 2017, kutoka Miritini hadi Syokimau. Tsavo ilikuwa kavu, tembo wamejipaka udongo mwekundu.

Huwezi kuandika habari za ofisi za pamoja ukanda huu ukairuka Barabara ya Ngong. Machi 2010, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, ilifunguliwa iHub. Aliyeiongoza ni Erik Hersman, mmoja wa waasisi wa Ushahidi pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia. Ushahidi ni ile programu iliyozaliwa mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, ili mwananchi atume taarifa ya alichokiona nayo iwekwe kwenye ramani. Fedha za mwanzo za iHub zilitoka kwa Omidyar Network na Hivos. Uanachama ulipangwa kwa rangi: mweupe alikuwa mwanachama wa mtandaoni tu, wa kijani alikubaliwa baada ya kuomba na kutumia ukumbi bila malipo, mwekundu alilipia meza.

Katika jengo hilo hilo walikaa AkiraChix, shirika lililoanzishwa mwaka 2010 na wasichana wa teknolojia wa Nairobi kuwafundisha wasichana wenzao. Mmoja wa waasisi wake, Angela Oduor Lungati, alijiunga na Ushahidi, na mwaka 2019 akawa mkurugenzi mtendaji wake. Kutoka Ushahidi ikazaliwa pia BRCK, kisanduku cha kusambaza intaneti kilichobuniwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatika, kilichotangazwa mwaka 2013. Yafuatilie majina hayo uone jinsi yanavyorudiarudia: mtu anatoka shirika hili anaingia lile, wazo linaanzia meza moja linakomaa nyingine. Walipanda ngazi zile zile na kunywa kahawa ya mkahawa ule ule, na kwa miaka michache Nairobi ikawa na ghorofa ambayo mtu akishuka uwanja wa ndege anaulizia njia ya kufika huko. Mark Zuckerberg alipozuru Nairobi mwaka 2016, alipita iHub.

Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHub ya Lagos, ukumbi wa aina hiyo hiyo ulioanzishwa na Bosun Tijani na Femi Longe. Tijani baadaye akawa waziri wa mawasiliano wa Nigeria. Kwa iHub ununuzi huo uliweka wazi swali lililokuwepo tangu mwanzo: nani analipa? Ukumbi wa bure unajaa vijana wenye kipaji, lakini unaishi kwa pumzi ya mfadhili. Ukumbi wa kulipia unasimama kwa miguu yake, lakini yule kijana mwenye kipaji anabaki nje ya kioo. Sijaona mahali palipolimaliza swali hilo. Nimeona waliolikabili vizuri na waliojifanya halipo.

Inafaa kuelewa jinsi biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Nchini Kenya, Sura ya 301 ya sheria inampa ulinzi mpangaji wa kibiashara ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Wenye majengo, ili wasifungwe na sheria hiyo, hupenda mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au ya miaka sita. Mtu mwenye kampuni ya watu watatu atajuaje atakuwa wapi baada ya miaka sita? Mwenye ofisi ya pamoja anatia saini kwa niaba yake. Anachukua ghorofa kwa miaka hiyo yote, anaikata vipande na kuiuza mwezi kwa mwezi. Kwa maneno mengine, hofu ya miaka sita ameibeba yeye, na mwanachama anamlipa ili aendelee kuibeba.

Kuibeba kwenyewe si mchezo. Mwaka ule ule wa 2010 iHub ilipofunguliwa, Adam Neumann na Miguel McKelvey walianzisha WeWork mjini New York, ikaenea dunia kwa mtindo huo huo wa kukodi kwa miaka mingi na kuuza kwa mwezi. Novemba 2023 ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ofisi nyingi ndogo zilionja uchungu huo mwaka 2020, corona ilipowarudisha wanachama majumbani na wenye majengo wakaendelea kudai kodi yao. Kwa hiyo mwanachama anayetaka kuweka jina la kampuni yake kwenye mlango wa ofisi ya pamoja na aulize mkataba wa jengo umebakiza muda gani. Mimi niliuliza kila nilikoingia. Waliojibu haraka ndio niliowaamini.

Nilikaa kwa siku kadhaa katika ofisi moja ya Kilimani kama mwanachama wa kulipa kwa siku. Meza ndefu za mbao, vibanda viwili vidogo vya kupigia simu, jiko lenye birika la chai ya maziwa isiyokauka, kabati za kufunga kwa kufuli, na kwenye mlango wa chumba cha mikutano karatasi yenye saa na majina. Mapokezi alikaa dada mmoja mwenye daftari la jalada gumu. Nilidhani ni la kuandikisha wageni. Baadaye akanionyesha: kila mwanachama ana ukurasa wake, na katika ukurasa ameandika kwa mkono anafanya kazi gani, anatafuta nini, amemsaidia nani. Kurasa nyingine zilikuwa zimejaa hadi pembezoni.

Meza iliyokuwa mbele yangu alikaa mama anayetengeneza mabegi ya shule. Mafundi wake wako Kariobangi. Yeye huja mara mbili kwa wiki kuandika ankara na kuonana na wanunuzi. Siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana. Shule moja ilikuwa imekataa kumlipa mpaka alete ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya. Tangu mwaka 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haihesabiwi katika kodi, kwa hiyo hata wanunuzi wapole wamekuwa wakali. Alijaribu, mfumo ukamkataa; alijaribu tena, ukamkataa tena. Yule dada wa mapokezi aliinuka, akapita meza tatu, akamgusa bega kijana mmoja aliyekuwa dirishani.

"Hebu kuja kidogo umsaidie mama na hii eTIMS."

Kijana akaja na kiti chake. Mama hakujua kwamba akaunti yake ilikuwa bado haijakamilishwa hatua moja. Kijana alikuwa ameshawafanyia hivyo wafanyabiashara kadhaa. Chai haijapoa, ankara ikatoka. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamepatana: kila mwisho wa mwezi atamwekea vitabu vyake vya hesabu sawa, kwa malipo. Na mama, ambaye ameuza mabegi Nairobi kwa miaka mingi, akaanza kumfundisha jinsi wanunuzi wa jumla wanavyocheleweshewa malipo na wanavyowachelewesha wengine, jambo ambalo kijana alihitaji kulijua kwa ajili ya programu ya madeni aliyokuwa anaijenga. Nilikaa pale nikisikiliza, kazi yangu ya kutafsiri haikwenda hata ukurasa.

Intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa ya kawaida na viti si vya kifahari. Kilichoifanya iwe na thamani ni yule dada na daftari lake. Mtu wa kuwakutanisha watu ndiye anayegeuza chumba cha viti kuwa mahali pa kazi ya pamoja. Asipokuwepo, watu thelathini watakaa mwaka mzima mgongo kwa mgongo bila kujuana majina. Nimeingia ofisi zilizopambwa kwa mimea na michoro ya ukutani, mapokezi yuko mlinzi tu mwenye kitabu cha sahihi, na ukimya wake ni ule wa chumba cha kusubiri daktari. Wenye ofisi hizo huajiri mpambaji kabla ya kuajiri mwenyeji. Wanakosea, na wanachama wao wanalipia kosa hilo.

Si kila kazi inafaa kufanyiwa meza ya wazi, na ni haki kusema hivyo. Wakili anayezungumza na mteja juu ya mirathi achukue chumba cha kufunga. Mhasibu asiache majedwali ya mishahara ya watu yakiwa wazi kwenye kioo anapokwenda kunawa mikono. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Katika ofisi nyingi za pamoja nilizopita, katika nchi zote, nilikuta meza ya mpira, nikakuta pazia la kupigia picha, na mama mwenye mtoto mchanga hana pa kukaa isipokuwa chooni. Wanawake wengi huanzisha biashara zao wenyewe katika miaka hiyo hiyo ya kulea. Anayewataka kama wanachama na awawekee mlango, kiti na soketi ya umeme.

Kabla ya kuondoka Nairobi nilikwenda Kamukunji, ingawa hakuna orodha ya ofisi za pamoja itakayokupeleka huko. Ni pale mafundi wa jua kali wanapogonga bati kutwa: masanduku ya wanafunzi, majiko, karai, toroli. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985, na baada ya hapo wakajengewa vibanda. Unasikia Kamukunji kabla hujaiona. Chini ya paa moja, fundi anakata bati, wa pili analikunja juu ya kipande cha reli, wa tatu anachomelea, wa nne anapaka rangi, na kila mmoja ana biashara yake mwenyewe. Msimu wa kufungua shule, mteja akija kutaka masanduku mengi kuliko uwezo wa fundi mmoja, hakuna anayemjibu haiwezekani. Oda inagawanywa papo hapo, kwa mdomo.

"Huyu ni jirani," mzee mmoja aliniambia akimwonyesha fundi wa kibanda cha pili kwa nyundo. "Leo nimempa oda, kesho ananipa. Angekuwa mbali ningempa namna gani?"

Vijana wa vioo vya Kilimani na wazee wa Kamukunji wako kilomita chache tu, na katika jambo hili wazee wametangulia kwa mbali. Ofisi nyingi za kisasa zinahubiri ushirikiano ukutani. Kamukunji wanaufanya kwa sababu bila huo hawali. Yule mama wa mabegi aliniambia alianzia sokoni, kwenye kibanda cha kuchangia, na nadhani ndiyo maana alijua kumpokea kijana wa dirishani kama jirani.

Kampala nilipita upesi, usiku kwenye basi, mchana kwenye boda. Hive Colab ilianza mwaka 2010, Outbox mwaka 2012, na Innovation Village ya Ntinda imekuwa kubwa kuliko zote. Wana juhudi, na walinisimulia jambo ambalo jenereta halitibu. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ofisi ilikuwa na umeme, viti na chai, na watu walikaa wakitazamana, wateja wao wa nje wakidhani wametoroka na kazi. Hasara ya namna hiyo humrudia mtu kwa miezi, kwa sababu mteja aliyekukosa mara moja huweka jina lako pembeni.

Kigali nilifika nikiwa nimechoka, na mji ule ulinipumzisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, nikakitumia bila haya. Vijana wa teknolojia walikuwa na kLab tangu mwaka 2012, katika jengo la Telecom House. Kisha Desemba 2021 ikafunguliwa Norrsken House, katika viwanja vya iliyokuwa shule ya Kibelgiji katikati ya jiji. Nyuma yake iko taasisi ya Niklas Adalberth, mmoja wa waasisi wa kampuni ya malipo ya Klarna ya Sweden. Ni pazuri kweli kweli. Bustani, matofali, mwanga unaoingia kila upande, watu wa mataifa mengi. Nilikaa karibu na kijana wa Goma anayeuza kahawa ya Kivu, Kiswahili chake cha Kongo kimechanganyika na Kifaransa, akanieleza kwamba wanunuzi wake wawili wa kwanza wa Ulaya alionyeshwa na watu wa meza za jirani. Alisema pia kwamba ada anaimudu kwa sababu anauza nje kwa fedha za kigeni. Ndugu yake anayeuza kahawa hiyo hiyo kwa kilo mjini asingeweza. Nilimshukuru kwa kulisema wazi.

Nimerudi Dar es Salaam nikiwa na msimamo. Wazo la kuwaweka wafanyabiashara wadogo chini ya paa moja nchi hii inalo tangu mwaka 1973, serikali ilipounda SIDO na kujenga mitaa ya viwanda vidogo mikoani. Ukumbi wa Buni ulianza mwaka 2011 pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama, kwa msaada wa Finland, na vijana wengi wa teknolojia waliojipatia jina walipita mikononi mwake. Kinachohitajika sasa ni mahali pa kada ya kati: mtafsiri, mshonaji, mhasibu wa kujitegemea, wakala wa forodha, mpiga picha za harusi. Hawa wana wateja na wanaweza kulipa kitu kila mwezi, ila si kwa mwaka mzima mkupuo mmoja. Halmashauri zina kumbi zinazofunguliwa kwa semina na sherehe tu. Nimeiandikia ya kwetu kuuliza kuhusu ukumbi mmojawapo, na nitaendelea kuuliza.

Wakati tukisubiri jibu, biashara nne tumechukua ghorofa moja Sinza kwa pamoja. Jambo la kwanza tulilolijadili lilikuwa mshahara wa mwenyeji. Lilizua mabishano makali, maana wawili kati yetu waliona fedha hiyo inunue kiyoyozi. Feni zinatosha, na mwenyeji ameanza kazi. Nimempa daftari la jalada gumu na kumsimulia habari za Kilimani. Meza nne tumeziacha za kulipia kwa siku, kwa bei ambayo kijana anayetumia bando la simu anaweza kuifikia akilinganisha na fedha anayotumia kwenye bando hilo. Chumba kidogo cha nyuma kina mlango unaofungwa, kiti, na soketi.

Mshonaji alitaka kujua kama cherehani zake mbili za umeme zitakubaliwa, kwa kelele zake. Tumempa upande wa ngazini, akaweka zulia kuukuu chini ya mashine. Wiki iliyopita alimleta mwalimu mkuu wa shule anayoishonea sare, aje apime kitambaa. Wakati anangoja, mwenyeji akamketisha kwenye meza yetu na kikombe cha chai. Shule yake inataka kuchapisha kitabu cha historia yake, cha Kiswahili na Kiingereza, na tayari ametuachia nusu ya mswada.